Nyota, 152, Nyota



Wiki iliyopita nilimpeleka mama kwa fundi simu, Tarime mjini. Simu yake ni janja, aliachiwa na mdogo wangu alipokwenda kutafuta maisha Mwanza. Kioo hakijapasuka, chaji inakaa asubuhi mpaka magharibi, sauti inatoka safi. Lakini programu anayopokelea picha za wajukuu imegoma. Inamwandikia kwamba toleo la simu yake limepitwa na wakati. Fundi akafungua mipangilio, akasoma, akatikisa kichwa. "Mama, simu ni nzima. Ila waliokuwa wanaihudumia wameshaiacha."

Mama akamkazia macho. "Mura, akina nani hao?"

Nimerudi nyumbani na swali hilo, na leo nimekuja nalo hapa.

Kila simu janja ina mfumo endeshi. Ndio unaoamka wa kwanza ukibonyeza kitufe cha kuwasha, ndio unaokiambia kioo kionyeshe nini na kamera ifunguke lini. Karibu simu janja zote duniani zinatembelea mifumo miwili tu: Android ya Google na iOS ya Apple. Kampuni zote mbili ni za California. Wao, pamoja na viwanda vinavyounda simu na wenye programu, ndio wanaopanga ni lini simu ya mama wa Tarime imezeeka. Mama hana habari kama kikao kimekaa.

Jambo hili limezikera serikali kubwa kuliko yetu. Mwezi Mei 2019 Marekani iliiweka Huawei ya China kwenye orodha ya kampuni zilizowekewa vikwazo, na simu mpya za Huawei zikakosa huduma za Google. Sahihi iliwekwa Washington. Aliyekuwa dukani Kariakoo akichagua simu naye ikamfikia. Agosti mwaka huohuo Huawei ikatangaza mfumo wake, HarmonyOS, na kufika 2024 ikatoa toleo lisilopokea programu za Android kabisa. Urusi nayo ina Aurora, ulio chini ya Rostelecom, kampuni ya simu ambayo serikali ina mkono mkubwa ndani yake. Mbegu yake ilitoka Finland. Sensa ya Urusi ya 2021 ilifanywa kwa vishikwambi vyenye mfumo huo. India, Januari 2023, ikaonyesha BharOS, uliolelewa na chuo cha teknolojia cha IIT Madras, na waziri Ashwini Vaishnaw akaujaribu mbele ya kamera.

Basi vijana wetu wa vyuoni wanauliza: na sisi je? Lugha tunayo, wasemaji wake duniani wanahesabiwa zaidi ya milioni 200. Serikali iweke fedha, tupate mfumo wa Kitanzania. Ninaielewa hamu hiyo, naipenda hata. Lakini jibu langu ni hapana, na nitalieleza kwa mfano wa mnada wa ng'ombe.

Halmashauri inaweza kujenga kiwanja kizuri cha mnada. Ikaweka uzio wa chuma, josho, birika la maji, hata kivuli cha kukalia. Siku ya mnada wafugaji wakaswaga mifugo, wakafika, wanunuzi hawapo. Wiki ya pili wafugaji nao hawaji. Wiki ya tatu nyasi zimeota langoni. Mfumo endeshi ni kiwanja cha namna hiyo. Wenye programu hawaji pasipo na watu, na watu hawaji pasipo na programu. Microsoft, pamoja na fedha zake zote, ilijenga kiwanja chake cha simu na mwishowe ikakifunga, kwa sababu wenye programu hawakuja kwa wingi.

Na sisi tumeliona hili kwa macho yetu. Mwaka 2019 Vodacom Tanzania ilileta Smart Kitochi, simu ya vitufe yenye mfumo uitwao KaiOS. Watu waliipokea vizuri, maana mwaka huohuo WhatsApp ilisambazwa kwa simu nyingi za mfumo huo. Mtu wa kipato cha kibarua akaweza kutumiwa picha ya mtoto aliyezaliwa mbali. Halafu Juni 2024 WhatsApp ikaondolewa kwenye duka la KaiOS, na mwanzoni mwa 2025 ikazimika hata kwa waliokuwa nayo. Mfumo haukuharibika. Mnunuzi mmoja mkubwa aliacha kuja mnadani, basi.

Wengine watasema tuanze na kiwanda cha simu. Oktoba 2019 Rais Kagame alizindua Kigali kiwanda cha Mara Phones, jina kama la mkoa wetu. Oktoba 2023 Rais Ruto akazindua kingine Athi River. Ni kazi za kuheshimiwa, vijana wamepata ujuzi wa kuunga simu. Lakini ukiwasha simu hizo, kinachoamka ndani ni Android ileile. Mwili wa nyumbani, roho ya California.

Hapa sitaki msikilizaji adhani nasema hatuwezi. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili tangu menyu ya kwanza. Chuo chetu cha umma! Watu walikaa wakatafuta neno moja baada ya jingine, wakati wengi wetu tulikuwa hatujawahi hata kugusa kompyuta. Hawakujenga kila kitu upya. Walichukua programu huria, iliyo wazi kwa yeyote, wakaifanya izungumze na sisi. Mimi naiona kazi ile kuwa kubwa kuliko inavyosemwa, na inaniuma kwamba vijana wanaosoma kompyuta leo wengi hawajaisikia.

Nguvu ya serikali yetu iko kwenye sheria na kwenye mfuko wake wa ununuzi. Mnakumbuka usiku wa tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilipozima simu feki nchi nzima? Watu tulibonyeza nyota, alama ya reli, 06, alama ya reli, kukagua simu zetu, mioyo ikidunda. Serikali haikuwa na mfumo endeshi wowote, ila ilisema simu ya namna hii haitaingia kwenye mitandao yetu, na ikawa. Agosti 2022 makarani wa sensa walipita milangoni kwetu na vishikwambi, na baada ya sensa vikaenda kwa walimu. Mteja anayenunua vifaa kwa wingi namna ile anayo haki ya kumwambia muuzaji: mkataba huu hatuutii sahihi mpaka uandike utaihudumia mashine hii miaka mingapi.

Umoja wa Ulaya umefanya hivyo kwa sheria. Tangu tarehe 20 Juni 2025, simu janja mpya zinazoingizwa sokoni kule lazima ziendelee kupewa masasisho ya mfumo kwa miaka 5 isiyopungua baada ya kuacha kuuzwa. Hawakujenga mfumo wao wa kushindana na Google. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina nchi 8. Nchi 8 zikisema neno moja, kiwanda gani cha simu za bei nafuu kitakataa kusikiliza?

Na jambo la pili, hili naliomba kwa sauti kabisa. Ipo nyota, 152, nyota, 00, alama ya reli, menyu ya serikali inayosimamiwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao. Inafunguka kwenye simu yoyote, hata kitochi cha elfu ishirini kilichofungwa kwa mpira. Haiulizi toleo, haihitaji bando, haipiti kwenye duka la programu la mtu yeyote. Taasisi ya umma inayozindua programu ya simu janja isikate utepe mpaka huduma hiyohiyo ipatikane na kwa nyota. Mama zetu wasifungiwe nje ya serikali yao kwa sababu kampuni ya mbali imechoka kuihudumia simu.

Simu janja ya mama sasa iko juu ya kabati, imefunikwa kitambaa. Laini tumeihamishia kwenye kitochi. Jana jioni, taa ya jikoni ikiwa imewashwa, nilimsomea namba, naye akabonyeza polepole, kidole kimoja. Menyu ikafunguka, kwa Kiswahili. Akasogeza simu mbali kidogo na macho yake, akaanza kusoma mwenyewe, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu.