Mihogo Iliyotuaibisha na Shahada ya Pili ya Mazao

Hotuba ya walimu, iliyosomwa na mmoja wao katika mkutano wa Siku ya Wakimbizi Duniani



Kamati imetuomba tuseme machache juu ya masomo ya juu. Kila mwaka, siku kama ya leo, tunasikia habari za udaktari wa binadamu, sheria na uhandisi. Safari hii sisi walimu tumeona tuseme juu ya masomo ambayo hapa kambini hayapigiwi makofi, yaani shahada ya pili ya sayansi ya mazao. Tutaanza kwa kuungama kosa letu, maana wengi wenu mnalijua na mmelinyamazia kwa heshima.

Mnaikumbuka ile mihogo ya shule. Tulipata vijiti kutoka shamba moja zuri nje ya kambi. Majani yake yalikuwa mapana, ya kijani, bila batobato hata kidogo. Tukapanda nyuma ya madarasa, ikasimama vizuri, nasi tukawaita akina mama waje wakate vijiti, tukawaambia kwamba hii ndiyo mbegu safi. Walikuja, wakapanda, wakala sombe yake na kutushukuru. Mwaka ulipotimia wakachimba, na ndani ya mizizi mlikuwa na mabaka ya kahawia, makavu, magumu kama gome. Hailiki, haianikwi, haisagiki. Mama mmoja alileta kikapu kizima akakimwaga mlangoni pa ofisi ya shule. Hakututukana. Alisema tu, "Walimu, huo hapo mwaka wangu." Tukakosa la kujibu.

Ugonjwa ule unaitwa michirizi ya kahawia. Katika chuo cha ualimu tulisoma kilimo saa chache kwa juma, na ugonjwa wa muhogo tulioujua ni batobato, ule unaokunja majani na kuyatia rangi ya njano. Aliyetufumbua macho ni kijana mmoja, mwanafunzi wa shahada ya pili, aliyepita huku akichuma majani na kuyatia katika bahasha. Kwanza tulimdhania ni mmoja wa wale wanaokuja na karatasi za maswali, wakahesabu sufuria zetu wakaenda zao. Huyu aliomba kisu. Akakata mizizi vipande vipande na kuipa kila mmoja alama, moja hadi tano: moja ni safi, tano ni iliyooza kabisa. Alikuwa amefanya hivyo misimu miwili, mizizi kwa mamia. Tulipomwuliza shahada yake ni ya nini hasa, alituonyesha kile kisu na daftari.

Masomo hayo huchukua miaka miwili, na kwa wengi huzidi. Mwaka wa kwanza ni wa darasani: urithi wa mimea, udongo, wadudu, magonjwa, na takwimu, ambazo ndizo huwatoa wengi jasho. Kisha mwanafunzi huenda shambani na swali moja tu, chini ya msimamizi, na mwisho huandika tasnifu. Swali lenyewe ni dogo. "Njaa ya Afrika itaishaje" si swali la shahada. Swali la shahada ni kama hili: kati ya aina hizi nane za muhogo, ni ipi inayokaa ardhini miezi kumi na miwili bila kuoza, katika udongo wa mahali hapa?

Mtasema hata mkulima hujiuliza hivyo. Ni kweli, na pengine humtangulia msomi. Tofauti iko katika namna ya kupata jibu. Sisi tungepanda aina moja huku na nyingine kule, kisha tutazame. Lakini kila mwenye jembe anajua kwamba shamba moja lina tabia nyingi. Penye kichuguu mazao hunenepa, na panapopita maji ya mvua udongo mzuri huondoka. Aina iliyoangukia kichuguu itashinda bila haki. Kwa hiyo shamba hugawanywa vipande, kila aina hupandwa mara tatu au nne sehemu mbalimbali, na mahali pake huamuliwa kwa kura. Aliyeweka msingi wa utaratibu huo ni Mwingereza Ronald Fisher, aliyeanza kazi katika kituo cha Rothamsted mwaka 1919. Sisi tuliozoea kura za kugawana mablanketi tulifurahi kusikia kwamba kura ina kazi nyingine ya heshima.

Na tusidhani kwamba kazi hii ni ya mbali nasi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali lilizuka hapahapa Uganda, upande wa Luwero, likasogea kusini kama kilomita 20 hadi 30 kila mwaka, likibebwa na nzi weupe na kwa vijiti tunavyopeana sisi wenyewe. Watu waliacha kulima muhogo, na huko Teso njaa iliingia. Likavuka mipaka hadi Kenya magharibi na Kagera, na baadaye Rwanda, Burundi na Kongo yetu ya mashariki. Mwaka 1997 watafiti walionyesha kwamba virusi vya aina mbili vilikuwa vimechanganyika na kuzaa kipya, kikali zaidi.

Kilichowaokoa wakulima ni aina za muhogo zinazostahimili, ambazo zilianza kutolewa na kituo cha Namulonge mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ustahimilivu huo una historia ndefu. Tangu miaka ya 1930 huko Amani, katika milima ya Usambara, Tanganyika, watafiti waliuchanganya muhogo na jamaa yake wa porini, aina fulani ya mti wa mpira. Mbegu za uzao huo zikapelekwa Nigeria, zikaendelezwa Ibadan, kisha zikarudi Afrika Mashariki. Kwa hiyo hata muhogo uliwahi kwenda uhamishoni.

Lakini michirizi ya kahawia ni adui mwingine. Ilijulikana Tanganyika tangu miaka hiyohiyo ya 1930, ikadhaniwa ni ugonjwa wa pwani na wa nchi za chini. Mwaka 2004 ikaonekana Uganda, mahali pa juu ambapo haikutazamiwa, na aina nyingi zilizokuwa zimelishinda batobato hazikuiweza. Ndiyo maana majani ya mihogo yetu yalipendeza. Tuliwagawia akina mama mbegu iliyoshinda vita vya kwanza na kushindwa vya pili, na hapakuwa na mtu kambini wa kutuambia.

Mtu huyo angepatikana vipi? Hapa tuna kosa la pili. Mtoto akichelewa shuleni tunampa jembe. Akipiga kelele, jembe. Kisha akimaliza shule tunashangaa kwamba hataki kusikia neno kilimo. Tangu muhula uliopita tumeacha adhabu hiyo, ingawa tunakiri kwamba bustani ya shule imeota majani.

Pamoja na hayo, binti mmoja wa kambi hii, ambaye mwenyewe hakutaka tumtaje jina, amemaliza shahada ya kwanza ya kilimo. Alikuja na cheti cha Kongo, akapigania kilinganishwe na vya hapa, akajifunza Kiingereza kwa taa ya chemli. Sasa anayo barua ya kukubaliwa shahada ya pili ya sayansi ya mazao, na swali analotaka kulifanyia utafiti ni la michirizi ya kahawia. Karo hana. Ufadhili wa DAFI, ulioanzishwa mwaka 1992 kwa fedha za Ujerumani, umewafaa watoto wengi wa wakimbizi, lakini sehemu kubwa ni wa shahada ya kwanza. Shahada ya pili mara nyingi hulipwa na mradi wa utafiti: msimamizi anapata fedha, naye anamchukua mwanafunzi. Mkimbizi hana anayemjua msimamizi.

Baadhi ya wazee wametuambia, "Mtamsomesha, kisha ataondoka." Huenda. Hatuwezi kumfunga kamba, na akipata nchi ya tatu hatutamlaumu. Lakini fikirini jambo hili. Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, kina kituo kilichoanzishwa mwaka 2002 cha kufundisha uzalishaji wa aina bora za mazao ya Afrika, na wanafunzi wake wa udaktari husoma kwanza pale, kisha hurudi nchi zao kufanya utafiti kwa miaka kadhaa, ili swali lao litoke kwao na jibu libaki kwao. Binti yetu hawezi kurudi kwao kwa sasa. Shamba lake la utafiti ni hapa. Miaka yake ya kupanda na kupasua mizizi ataifanyia miongoni mwetu, na yatakayopatikana tutayaona kabla ya maprofesa.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Wageni wetu wa mashirika mnaofanya kazi ya kilimo, mnawajua wasimamizi hao na mnakaa nao mikutanoni. Mpelekeeni mmoja wao barua ya binti huyu kabla nafasi yake haijapita. Kamati nayo itupatie ardhi ya majaribio, vipande vya kutosha kwa kura, isiwe ile sehemu ya mawe tu ambayo kila mtu ameikataa.

Yule mama wa kikapu amekwisha kutukubalia nusu ya shamba lake. Ameweka sharti moja, kwamba safari hii mizizi ipasuliwe mbele ya macho yake kabla hajapokea kijiti chochote. Tumekubali.