Kuandaa Ukuta Uliopakwa Rangi Kabla ya Kubandika Vigae



Kigae kinachobandikwa juu ya rangi hakishiki ukuta, kinashika rangi. Uzito wote wa vigae na gundi hubebwa na utando mwembamba ambao haukutengenezwa kwa kazi hiyo. Siku utando huo utakapoachana na lipu, vigae vitadondoka vikiwa na rangi ya zamani imeng'ang'ania migongoni mwao. Mwenye nyumba atamlaumu fundi, naye fundi atailaumu gundi. Bafuni, anayekaa chini ya ukuta huo mara nyingi ni mtoto anayeogeshwa.

Kwa hiyo ukuta hupimwa kwanza. Ukisuguliwa kwa kitambaa chenye maji nacho kikatoka na unga mweupe, hiyo ni chokaa, na yote sharti iondolewe. Rangi ya maji huchanjwa kwa ncha ya kisu mistari ya kukingamana, utepe wa gundi ukabanwa juu yake na kung'olewa ghafla. Vipande vikifuatana na utepe, rangi hiyo haifai kubeba kitu. Rangi ya mafuta hujulikana kwa tone la maji: huteremka bila kunywewa. Gundi yenye saruji huhitaji uso unaonyonya kidogo, hivyo mng'ao huo ni adui yake hata kama rangi yenyewe imeshika barabara.

Kisha ukuta wote hugongwa kwa mpini wa nyundo. Panapolia uvungu, lipu imeachana na tofali. Hubomolewa na kupigwa upya, na lipu mpya huachwa ikomae, angalau wiki mbili. Unyevu nao hutafutiwa chanzo kabla ya yote, kwa kuwa vigae huficha bomba linalovuja lakini hayalizibi.

Kazi ya kukwangua haina njia ya mkato. Rangi iliyolegea hutolewa kwa kikwangulio na brashi ya waya, kisha ukuta hudonolewa kwa tindo, vishimo vikikaribiana, hadi lipu yenyewe ionekane. Vishimo vichache vya kuridhisha macho, kama vinavyoonekana katika nyumba nyingi, havisaidii. Umeme wa chumba uzimwe kwenye swichi kuu kabla ya tindo kukaribia soketi. Rangi za mafuta za zamani zaweza kuwa na risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Rangi hiyo ilowanishwe kabla ya kukwanguliwa, isisuguliwe kwa msasa mkavu. Wajawazito na watoto wakae mbali, na mabaki yafungwe mfukoni.

Vumbi huoshwa, ukuta ukauke, kisha unyoofu wake upimwe kwa timazi. Mabonde hujazwa kwa saruji na mchanga, si kwa unga wa jasi, ambao hulainika ukilowa.

Liko pia jambo la fedha. Fundi hulipwa kwa mita ya mraba ya vigae vilivyobandikwa. Siku mbili za kukwangua hazimwingizii chochote, na asiyelipwa kwa kukwangua hatakwangua. Bei ya kuandaa ukuta iandikwe peke yake katika makubaliano, na malipo yake yatolewe baada ya mwenye nyumba kuuona ukuta ukiwa mtupu, kabla kigae cha kwanza hakijapanda.