Mzee Anayekaribia Kustaafu

Wiki iliyopita mpwa wangu alinijia akitaka mkopo. Yeye na wenzake wawili wanatengeneza programu ya hesabu za maduka, nayo hujaribiwa kila usiku na mashine, bila mkono wa mtu, kwenye Windows, Linux na macOS. Alitaka kununua Mac moja ya mtumba, yenye prosesa ya Intel, ibebe mifumo yote mitatu.

Nikamwuliza, kwa nini usinunue kompyuta ya kawaida?

"Mjomba, leseni ya Apple hairuhusu macOS iendeshwe kwenye mashine isiyo ya Apple."

Ni kweli. Na kwa miaka mingi hesabu yake ingekuwa sahihi: Mac ya Intel iliibeba mifumo yote, kila mmoja ukidhani una kompyuta yake peke yake. Lakini nilipouliza kwa wanaojua, nikaambiwa kwamba mwaka 2020 Apple ilianza kuhamia kwenye prosesa zake yenyewe, na macOS 26, iliyotoka mwaka 2025, ndiyo ya mwisho kuikubali Intel. Kijana anataka kuajiri mzee anayekaribia kustaafu!

Mac mpya nayo huendesha Windows ya ARM, ilhali wenye maduka wengi wana kompyuta za Intel au AMD. Programu ikifaulu kule, muuza duka bado hajahakikishiwa kitu.

Nimekubali kumkopesha kwa sharti: Mac mini mpya kwa macOS tu, na kompyuta ya kawaida yenye kumbukumbu kubwa kwa hiyo mingine. Amenung'unika kwamba ni mashine mbili. Tumebishana mpaka chai ikapoa. Fedha atazipata Ijumaa.