Marudio ni ya Nani? Kutoka Kujiajiri hadi Kumiliki katika Ukanda wa Dhahabu

Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu akishajaza mawe yake kwenye mifuko, huyapeleka karashani. Mawe husagwa yakawa unga, unga hupitishwa na maji juu ya magunia yaliyotandikwa kwenye mwalo, kilichonaswa hukandwa kwa zebaki, halafu huchomwa, moshi wake wa sumu ukiwapata wote walio karibu. Mwisho mchimbaji huondoka na punje ya dhahabu iliyofungwa kwenye kikaratasi. Nyuma yake hubaki lundo la mchanga wa kijivu: marudio. Zebaki hunasa sehemu tu ya dhahabu, mara nyingi chini ya nusu, na nyingine imo mle mle lunduni. Kwa desturi ya makarasha mengi, lundo hilo ni la mwenye karasha, ambaye huliuza au hulichenjua upya kwa sayanaidi. Aliyeshuka shimoni amelipwa mara moja. Mwenye mashine atalipwa tena, hata kama wiki hiyo hakutoka nyumbani.

Hapo ndipo ninapouona mpaka kati ya kujiajiri na kumiliki biashara. Robert Kiyosaki, ambaye vijana wetu wengi wanamsoma, aliwagawa watu katika waajiriwa, waliojiajiri, wenye biashara na wawekezaji, na wengi wanaomfuata huhubiri kwamba kuvuka ni suala la fikra. Sikubaliani nao. Kijana anayeshuka kwa kamba kwenye duara, yaani shimo refu la mgodi, hakupungukiwa ujasiri wala ndoto. Alichopungukiwa ni haki juu ya kile kinachobaki baada ya jasho lake: hana leseni, hana mashine, hana daftari linaloonyesha alichouza. Akivunjika mguu leo, kesho kipato chake kimekwisha. Mkulima wa tumbaku wa Ushetu naye yumo humo humo. Anamwagilia kitalu, anahamisha miche, anachuma, anakesha akichochea moto wa bani la kukaushia majani, kisha anasubiri daraja la jani na makato ya mkopo wa pembejeo. Shamba ni lake na uamuzi ni wake, lakini anachomiliki hasa ni kazi. Haiendi bila yeye.

Basi hatua ya kwanza ya kuvuka ni kuwa na hati, na hapa sheria imefungua mlango kuliko wengi wanavyodhani. Chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2010, leseni ndogo ya uchimbaji hutolewa kwa Watanzania tu, kwa miaka 7, na inaweza kuhuishwa. Mwaka 2019 serikali iliwaondolea wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, na Machi mwaka huo soko la kwanza la madini nchini likafunguliwa Geita. Watu hulisifu soko kwa ajili ya bei. Mimi nalithamini zaidi kwa stakabadhi. Anayeuza gizani kwa mchuuzi hupata fedha ile ile ya siku, ila hana cha kumwonyesha ofisa mikopo. Anayetunza stakabadhi za miaka 2 ana historia, na mkopeshaji hukopesha historia.

Nitaambiwa: mtu anayekula alichopata leo atanunua karasha kwa fedha gani? Peke yake, pengine asinunue kamwe. Lakini watu 10 wakiweka 50,000 kila mwezi wana shilingi milioni 6 kwa mwaka, na kampuni au chama kilichosajiliwa hakifi mwanachama mmoja akifa. Wasukuma wa ukanda huu hawahitaji kufundishwa hili na mgeni. Mwaka 1955 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, wakiongozwa na Paul Bomani, waliunda Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Hawakutosheka kuuza pamba mbegu. Walinunua viwanda vya kuichambua, na shirikisho lao likawa miongoni mwa makubwa kabisa barani Afrika. Ndiyo, najua yaliyofuata: ubadhirifu, mizani ya uongo, mkono wa dola, hadi serikali ikavunja vyama vikuu mwaka 1976. Kidonda hicho bado kinauma, na anayekataa ushirika kwa sababu yake hana ujinga wowote. Ila kilichoanguka ni usimamizi uliowaponyoka wanachama. Miaka michache baadaye, Kahama na Nzega, wanavijiji waliunda vikundi vya ulinzi vya sungusungu dhidi ya wezi wa ng'ombe, na wakawajibishana bila kusubiri bajeti ya mtu. Nguvu ile ya kukaguana ndiyo inayotakiwa kwenye hesabu za karasha la pamoja, na hesabu hizo zisomwe mbele ya wote kila mwezi.

Pingamizi zito zaidi dhidi ya kuchanga fedha hivyo linatoka zizini. Kwetu ng'ombe ni akiba, wasema wazee, na wana haki: huzaa, hulima, hutoa maziwa na mahari. Lakini ukame ukija, malisho hukauka kwa wote, wote hupeleka mifugo mnadani, na bei huanguka siku ile ile unapohitaji fedha. Dhahabu nayo ina mwisho wake. Mgodi wa Buzwagi, pembeni tu ya mji wa Kahama, ulianza uzalishaji mwaka 2009 na ukasimama mwaka 2021. Waliokuwa wakiishi kwa mishahara na zabuni zake waliona mji ukipungukiwa. Kwa hiyo sehemu ya faida ya karasha lazima itoke kabisa katika dhahabu: vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, ambayo wa kwanza wake, Umoja, ulianza mwaka 2005, hatifungani za serikali, na hisa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara mwaka 1998. Hisa hupanda na kushuka, na hakuna kati ya hivi kinachotajirisha kwa msimu mmoja. Ndiyo maana mwenye leseni ya miaka 7 anapaswa kuanza kutenga sehemu hiyo mwaka wa kwanza, wakati mawe bado yanatoka.