Kinga ya Safari: Maneno Yaliyosemwa Mbele ya Mkutano wa Mwaka juu ya Wauguzi Wetu Waendao Ng'ambo



Halmashauri ilipotuagiza tuseme mbele ya mkutano huu juu ya vijana wetu wauguzi waendao kufanya kazi katika nchi za ng'ambo, wengine walidhani tutasema juu ya mishahara, au baridi ya Uingereza, au fedha zinazoletwa nyumbani. Hayo yana wakati wake. Sisi tumeombwa kusema juu ya sindano na vidonge. Twajua ya kuwa ni jambo dogo masikioni. Lakini kwa sababu ya jambo hilo dogo binti mmoja wa chama hiki alipoteza nafasi yake ya kazi, na mwingine alikaribia kumzika mtoto wake. Na katika habari ya yule wa kwanza, kosa lilikuwa letu.

Tuanze na kosa letu. Tangu mwezi wa Julai 2021, serikali ya Kenya na ile ya Uingereza zilipotia sahihi mapatano juu ya wauguzi na watumishi wengine wa afya, vijana wengi wa Ukambani wamekuja kutuomba mkopo wa safari. Chama kimewasaidia kwa moyo mweupe. Lakini sheria yetu yasema mkopo hutolewa mwombaji akisha kuonyesha viza na nauli anayotakiwa kulipa. Binti huyo alikuja kwetu mwezi wa Januari, kabla hajapata barua yoyote, akaomba fedha kidogo za chanjo na za kupima damu. Tukamjibu ya kwamba sindano si safari. Jibu hilo limeandikwa katika kitabu chetu cha kumbukumbu, na asiyeamini aweza kulisoma.

Barua ya kazi ikaja mwezi wa Juni. Daktari wa waajiri akataka ushahidi wa chanjo tatu za homa ya ini ya namna B, pamoja na jibu la damu lionyeshalo kwamba chanjo imeshika. Binti alikuwa amechanjwa mara moja tu alipokuwa mwanafunzi, na kadi yake ilikwisha potea. Sasa sikilizeni hesabu hii, maana ndiyo kiini cha maneno yetu. Chanjo ya kwanza hutolewa leo, ya pili baada ya mwezi mmoja, na ya tatu mwezi wa sita. Kisha hungojwa mwezi mmoja au miwili ndipo damu ipimwe. Hiyo ni miezi saba au minane. Iko njia ya haraka, lakini nayo hudai miezi miwili kwa sindano tatu, na sindano ya nne baada ya mwaka, na damu haipimwi siku ile ile. Binti alikuwa amepewa majuma manane. Nafasi yake ikachukuliwa na mtu mwingine. Kama tungalimpa zile fedha mwezi wa Januari, mwezi wa Julai angalikuwa anachomwa sindano ya mwisho.

Mzee mmoja alituuliza kwa nini ugonjwa huo waogopwa hata kuliko mengine. Jibu ni kwamba kijidudu chake hukaa katika damu, na muuguzi huishi na sindano mkononi. Achomwapo kwa bahati mbaya na sindano iliyotoka kwa mgonjwa, homa hiyo humwingia kwa wepesi mkubwa kupita virusi vya ukimwi, na yaweza kukaa kimya katika ini miaka mingi mpaka iliharibu. Watoto wa Kenya walianza kupewa chanjo hiyo pamoja na ile ya dondakoo, pepopunda na kifaduro mwaka 2001. Aliyezaliwa kabla ya hapo asidhani aliipata utotoni. Na kusema kweli muuguzi anaihitaji hata asiposafiri. Hapa Machakos damu ni damu kama ilivyo London.

Hapo twaomba kina mama watusikilize kidogo. Ile kadi ya kliniki ya mtoto, ambayo sisi sote tumeizoea kuiona imekunjwa ndani ya bati la majani ya chai, au imeliwa na panya, au imewashia moto, ndiyo sasa inayotafutwa na waajiri wa ng'ambo miaka ishirini na mitano baadaye. Muuguzi huulizwa juu ya surua na rubela, huulizwa kama aliugua tetekuwanga, huangaliwa kovu la chanjo ya kifua kikuu. Kovu hilo kwetu huwa juu ya kigasha cha mkono wa kushoto, wala si begani kama lilivyo kwa Waingereza. Basi kijana na alionyeshe mwenyewe, asingoje kuambiwa kwamba hana. Rubela iliunganishwa na surua katika chanjo za watoto wetu mwaka 2016, kwa hiyo watu wazima wengi wa leo hawakuipata kwa njia hiyo. Asiye na ushahidi huchanjwa tena, wala hapati dhara kwa kurudia.

Lakini zipo chanjo zisizopendana. Chanjo ya homa ya manjano na ile ya surua, matumbwitumbwi na rubela zote zina vijidudu hai vilivyodhoofishwa, na waganga wa Uingereza huagiza zitenganishwe kwa majuma manne, ili moja isiipunguze nguvu nyingine. Tena aliyechanjwa surua leo asipimwe ngozi kwa ajili ya kifua kikuu juma lijalo, kwa kuwa jibu laweza kudanganya. Kijana aliyeacha mambo yote mpaka mwezi wa mwisho hujikuta amefungwa na kalenda, hata awe na fedha mfukoni.

Cheti cha kifua kikuu ni kinyume cha hayo. Mwenye kuomba viza ya kukaa Uingereza zaidi ya miezi sita hupigwa picha ya kifua katika kliniki iliyokubaliwa, na cheti chake hudumu miezi sita tu. Basi homa ya ini ianzwe mapema, na picha ya kifua ipigwe karibu na safari. Tumeona watu waliofanya kinyumenyume, wakalipa mara mbili.

Juu ya homa ya manjano yako maneno mengi ya mitaani, nasi tutayapunguza. Uingereza haidai cheti hicho mlangoni. Lakini nchi nyingine humdai mtu atokaye Kenya, kwa kuwa Kenya imo katika nchi ambazo ugonjwa huo waweza kutokea: ulitokea katika bonde la Kerio mwaka 1992, na tena Isiolo mwaka 2022. Saudi Arabia hukidai, na Afrika ya Kusini pia. Sindano ni moja, nayo hutolewa katika kituo kilichoruhusiwa na serikali chenye muhuri wake. Cheti huanza kufaa siku ya kumi baada ya sindano, si siku ile ile. Na tangu tarehe 11 Julai 2016, kwa kanuni za afya za mataifa, cheti kimoja chatosha maisha yote, hata kile cha zamani kilichoandikwa miaka kumi. Anayekwambia ununue kipya kwa sababu cha zamani kimekwisha anataka fedha zako. Na anayekuuzia kadi bila sindano, huyo ni mwizi wa namna mbili. Wazee waliopita umri wa miaka 60, wajawazito, na wenye upungufu wa kinga mwilini wasichanjwe kabla ya kusema na daktari.

Sasa tuingie katika malaria, na hapa ndipo tulipopata ubishi mkubwa kwenye Halmashauri. Mmoja wetu alisema, "Uingereza hakuna mbu wa malaria, na mtoto wetu amezaliwa Kenya. Vidonge vya nini?" Maneno hayo yana sura ya kweli, na ndiyo maana ni ya hatari.

Kwanza, si kila muuguzi aendaye ng'ambo huenda kwenye baridi. Mwaka 2015 watumishi wa afya wa Kenya walikwenda Liberia na Sierra Leone chini ya Umoja wa Afrika kupigana na Ebola. Huko malaria ni nyingi kupita kiasi, na mwanzo wa malaria wafanana na mwanzo wa Ebola: homa, kichwa, kutapika, viungo kuuma. Muuguzi aliyeacha vidonge akapata homa hakujua yeye mwenyewe ni ipi kati ya hizo mbili, wala wenzake hawakujua, na ilibidi atengwe kama mgonjwa wa Ebola mpaka damu ijibu.

Pili, kinga ya mtu mzima juu ya malaria si mali ya kurithi. Huletwa na kuumwa na mbu mara kwa mara miaka mingi, na asiyeumwa huipoteza pole pole. Nasi watu wa vilimani, mji wetu ukiwa kwenye kimo cha mita 1,600 hivi, hata hatukuwa nayo nyingi tangu mwanzo. Ndugu zetu wa Pwani na wa Ziwa wametuzidi kwa hilo, na wanatucheka wakituona tunatetemeka.

Binti wa pili tuliyemtaja alifanya kazi Uingereza miaka minne, akaja nyumbani mwezi wa Desemba na mtoto aliyezaliwa huko. Alikaa hapa siku chache, kisha akaenda kwa wakwe zake kandokando ya Ziwa Victoria majuma mawili. Hakumeza kitu, wala hakumpa mtoto kitu, wala hakutundika chandarua, kwa maana aliona haya kuomba kwa mama mkwe kama mgeni. Waliporudi Uingereza mtoto akapata homa. Ikadhaniwa ni mafua ya baridi. Siku ya tatu mtoto hakuamka vizuri, ndipo mama akakumbuka kumwambia daktari walikotoka. Mtoto alipona. Mama yake, ambaye ni muuguzi aliyefuzu, alituandikia hivi: "Nilisahau kwamba mimi nami nimekuwa mgeni." Na si peke yake, katika wagonjwa wa malaria wa Uingereza, walio wengi ni watu wa asili ya Afrika waliokuwa wamekwenda kuwasalimu jamaa zao.

Dawa za kujikinga ni tatu zitumikazo zaidi. Meflokwini humezwa mara moja kwa juma, kuanzia majuma mawili au matatu kabla ya kuingia penye malaria, na haifai kwa aliyepata kuugua akili. Doksisaiklini humezwa kila siku, nayo si ya mjamzito wala ya mtoto mdogo. Hizo mbili huendelezwa majuma manne baada ya kutoka. Ya tatu, atovakwoni pamoja na proguanili, humezwa kila siku na huendelezwa siku saba tu, lakini bei yake ni kubwa. Ile klorokwini ya zamani imekwisha shindwa na malaria ya kwetu, mtu asiinunue. Na wengi huanguka hapo penye kuendeleza: hufika salama, husema safari imekwisha, huacha vidonge, na vijidudu vilivyokuwa vimejificha katika ini hutoka. Hata aliyemeza vyote, akipata homa katika mwaka ule, na aseme kwa daktari alikotoka kabla hajaulizwa.

Tuliulizwa pia juu ya chanjo mpya ya malaria. Ni kweli ipo, nayo ilianza kutolewa Homa Bay mwezi wa Septemba 2019. Lakini ni ya watoto wadogo wakaao penye malaria, si ya wasafiri.

Wazee wetu waliotutangulia waliyajua haya kwa kulazimishwa. Wakamba wengi walikuwa katika jeshi la King's African Rifles, na mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw huko Burma, mahali palipojulikana kwa malaria. Jenerali Slim, mkuu wa jeshi lile, ameandika ya kwamba mwaka 1943 kwa kila askari mmoja aliyetolewa kwa jeraha, 120 walitolewa kwa maradhi. Askari wakapewa vidonge vya mepakrini, vilivyoigeuza ngozi kuwa ya manjano, na wengi wakavitema kwa kusikia kwamba vinamwondolea mtu uanaume. Slim akaamuru watu wapimwe kwa ghafula. Wasipofika 95 katika kila 100, si askari aliyefukuzwa bali mkuu wa kikosi. Aliwafukuza watatu, na wengine wakaelewa. Twapenda habari hiyo kwa sababu moja: aliyeadhibiwa alikuwa yule mwenye kushika amri na kitabu. Katika chama hiki wenye kitabu ni sisi.

Kwa hiyo Halmashauri yaleta mbele yenu badiliko la sheria ya mikopo. Mkopo wa muuguzi ugawanywe mara mbili. Sehemu ya kwanza, ya chanjo, ya kupima damu na ya vyeti, itolewe mara tu kijana anapoanza kuomba kazi, hata kama hana barua, na isiwe chini ya miezi minane kabla ya siku anayotumaini kuondoka. Sehemu ya pili ya nauli itolewe kama zamani. Tunajua hatari yake: wengine watachanjwa na hawatapata kazi, na fedha zitachelewa kurudi. Mweka Hazina amelisema hilo kwa nguvu, naye ana haki. Sisi twaona muuguzi aliyekingwa na homa ya ini, hata akibaki katika wadi za hapa Machakos, si hasara ya chama.

Tumeomba pia kila nyumba inayongoja mgeni wa Desemba iweke chandarua chenye dawa juu ya kitanda chake kabla hajafika, ili asione haya kukiomba.

Yule binti wa kwanza yumo humu ukumbini. Alichanjwa sindano ya tatu kwa fedha zake mwenyewe, na ameomba kazi upya. Kura itapigwa baada ya chai.