Kuipima Intaneti ya Nyumbani

Nyinyi mlio Kibaha, na nyinyi mlio Kisarawe, wekeni kalamu na daftari tayari. Leo tutasoma juu ya jambo linalowala watu fedha bila wao kujua sababu yake: intaneti ya nyumbani inayokatakata.

Maneno yetu mapya ni manne. Yaandikeni: pakiti, kuchelewa, kupotea, milisekunde.

Tuseme yuko mama mmoja wa Kibaha, na mwanawe anafanya kazi Muscat, huko Omani. Kila Ijumaa usiku huzungumza kwa simu ya picha. Ijumaa moja uso wa kijana uliganda, na mama akasikia hivi tu: "Mama... hospitali... usi..." Kisha kimya. Mama hakulala usiku ule. Asubuhi alikusudia kulipa fedha zaidi ili apewe intaneti ya kasi kubwa zaidi. Fedha zenyewe zilikuwa za sare ya shule ya mjukuu wake. Je, kasi hiyo ingemsaidia? Tuone.

Unaposema katika simu ya picha, sauti yako haiendi kama kamba moja ndefu. Hukatwa vipande vidogo vidogo, na kila kipande hutiwa anwani, mfano wa barua ndefu ambayo kila ukurasa umetiwa katika bahasha yake. Kipande hicho ndicho pakiti. Bahasha ikitumia muda mrefu njiani, huko ni kuchelewa. Isipofika kabisa, huko ni kupotea. Katika mazungumzo hakuna nafasi ya kuisubiri bahasha iliyopotea. Maneno yaliyokuwamo hayasikiki.

Kasi unayouziwa ni jambo jingine. Kasi ni upana wa barabara. Barabara ya Morogoro kutoka Kimara hadi Kibaha imepanuliwa, lakini gari lenye pancha halisaidiwi na upana wa barabara. Kwa hiyo kwanza tafuta pancha iko wapi.

Muda wa pakiti hupimwa kwa milisekunde. Gawanya sekunde moja mafungu 1,000. Fungu moja ni milisekunde moja. Ndani ya waya wa kioo, mwanga husafiri kiasi cha kilomita 200 kwa milisekunde moja. Basi mtambo ulio mwisho wa waya wa kilomita 10,000 hauwezi kukujibu kabla ya milisekunde 100: 50 za kwenda na 50 za kurudi. Kuchelewa huko ni kwa umbali, wala fundi hawezi kukuondoa.

Sasa tupime. Waombe watu wote wa nyumbani waache kutumia intaneti kwa dakika chache, maana mtu mmoja anayepakua filamu aweza kuwachelewesha wote. Katika kompyuta yenye Windows, mahali pa kutafutia, andika herufi tatu: c, m, d. Dirisha jeusi litafunguka. Humo andika hivi:

ping -n 50 192.168.1.1

Namba ndefu ya mwisho ni anwani ya kile kisanduku cha intaneti cha nyumbani, ambacho mafundi hukiita ruta. Geuza kisanduku usome chini yake. Nyingine huandikwa 192.168.0.1 au namba nyingine. Umetuma pakiti 50 kwa kisanduku chako mwenyewe. Mwishoni tafuta neno Lost, maana yake zilizopotea, na neno Average, maana yake wastani wa muda. Andika namba zote mbili katika daftari. Asiye na kompyuta aweza kutumia programu ya simu inayofanya kazi hiyo hiyo.

Kisha rudia kipimo, lakini mahali pa anwani ya kisanduku weka 8.8.8.8. Huo ni mtambo wa nje, na pakiti zitapita njia yote ya kampuni inayokuuzia intaneti.

Mama wa Kibaha alipima akiwa chumbani kwake. Kati ya pakiti 50 alizotuma kwa kisanduku chake, 12 zilipotea. Hizo hazikutoka hata nje ya nyumba! Akasogea karibu na kisanduku, akapima tena: 0. Basi ugonjwa ulikuwa kati ya kisanduku na chumba. Kisanduku kilikuwa kimefichwa nyuma ya kabati la chuma, na chuma huzuia mawimbi ya redio. Akakitoa, akakiweka juu, mahali peupe. Hakulipa hata senti moja. Ijumaa iliyofuata alisikia maneno yote: "Mama, nilimpeleka rafiki yangu hospitali, usiwe na wasiwasi." Sare ya mjukuu ikanunuliwa.

Nyumba yenye waya wa kioo, tazama pia taa za kisanduku. Taa nyekundu yenye herufi L, O, S, hueleza kwamba mwanga haufiki. Waya wa kioo ukikunjwa sana huvujisha mwanga, kwa hiyo unyooshe polepole, usiufunge fundo. Wala usichungulie kamwe ncha ya waya huo. Mwanga wake hauonekani, lakini waweza kudhuru jicho.

Sasa twende Kisarawe. Tuseme mzee mmoja huko hana waya. Intaneti yake huja kwa antena iliyo juu ya paa. Naye alipima. Kwa kisanduku chake zilipotea 0. Kwa 8.8.8.8 aliandika hivi:

Saa 2 asubuhi: 0
Saa 8 mchana: 1
Saa 3 usiku: 9

Tisa katika 50 ni asilimia 18. Alifanya hivyo siku tano, na kila usiku namba ilipanda. Nyumba yake ilikuwa nzima. Ugonjwa ulikuwa nje, tena saa ambazo watu wengi hutumia mnara mmoja. Kuhamisha kisanduku kusingefaa kitu. Mzee alichukua daftari lake mpaka ofisi ya kampuni. Hakusema, "Intaneti yenu mbaya," maana neno hilo hujibiwa kwa neno. Alionyesha tarehe, saa na namba. Fundi alikuja, akaielekeza antena kwenye mnara mwingine, na usiku ule ilipotea 1 tu. Kama kampuni isingemsikia, angeweza kupeleka daftari lile lile kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA.

Yako pia magonjwa yasiyo ya nyumba wala ya kampuni moja. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikadhoofika katika nchi kadhaa, Tanzania ikiwamo. Siku kama hiyo usifungue kisanduku wala usinunue kingine. Muulize kwanza jirani anayetumia kampuni nyingine. Naye akilalamika, ngojeni pamoja.

Basi shikeni mpango huu: kwanza nyumba, pili kampuni, tatu bahari. Pima, andika, ndipo ulipe au ulalamike. Mlipojifunza kusoma namba hamkujifunza bure. Namba hizo ni ulinzi wa mfuko wenu.

Mazoezi

1. Umetuma pakiti 50, zimepotea 5. Hizo ni asilimia ngapi?
2. Kwa kisanduku zimepotea 0, kwa 8.8.8.8 zimepotea 10. Utaanza kumwuliza nani?
3. Chora jedwali lenye tarehe, saa, zilizopotea na muda. Lijaze siku tatu, uje nalo darasani.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.