Kibali cha Ukaazi na Makosa Yanayokizuia

Mazungumzo yafuatayo yamekusudiwa waajiri, masheha, watumishi wa Serikali na wakaazi wote wenye wageni kutoka nje katika nyumba zao au katika kazi zao.



Mgeni anayekuja Unguja au Pemba kutembea kwa wiki mbili hana shida kubwa na sheria. Hupata viza, hugongewa muhuri, huogelea, hununua karafuu na kurejea kwao. Shida huanza pale anapoamua kubaki. Wako wanaobaki kwa kazi za hoteli, wako waliofungua biashara, wako waliooa au kuolewa hapa, na wako wazee waliozaliwa Visiwani, wakaishi Arabuni au Ulaya umri wao wote, na sasa wanataka kuumaliza uzee wao katika nyumba za wazazi wao. Wote hao hukutana na mlango mmoja, nao ni kibali cha ukaazi. Wengi wanaokwama mlangoni hapo wana sifa zote zinazotakiwa, ila karatasi zao hazisemi jambo moja.

Inafaa kwanza ifahamike nani mwenye mamlaka. Uhamiaji ni jambo la Muungano. Huongozwa na Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995 pamoja na marekebisho yake, na Idara ya Uhamiaji ndiyo inayotoa kibali cha ukaazi, Zanzibar kama ilivyo Tanzania Bara. Kazi si jambo la Muungano. Ajira hapa huongozwa na Sheria ya Ajira Nam. 11 ya mwaka 2005 iliyopitishwa na Baraza la Wawakilishi, na ruhusa ya mgeni kufanya kazi hutolewa na mamlaka ya kazi ya Zanzibar yenyewe. Kwa hivyo mgeni aliyeajiriwa hapa anahitaji vibali viwili kutoka ofisi mbili: kibali cha kazi na kibali cha ukaazi. Tanzania Bara nayo ina sheria yake ya ajira za wageni ya mwaka 2015, ambayo haivuki bahari.

Waajiri wengi hukosea hapo hapo. Chukua mfano wa mpishi wa kigeni aliyehamishwa na kampuni yake kutoka Dar es Salaam kuja Nungwi. Kampuni ni ile ile, mshahara ni ule ule, na nchi ni moja. Meneja anaona hakuna la kuomba. Siku ya ukaguzi mpishi anatoa kibali cha kazi cha Bara, ambacho hapa hakimruhusu hata kuwasha jiko. Meneja hakukusudia kuvunja sheria, lakini anayesimamishwa kazi ni mpishi, na pengine watoto wake wameshaanza skuli.

Vibali vya ukaazi viko vya madaraja matatu. Daraja A ni la mwekezaji na mtu anayejiajiri mwenyewe. Daraja B ni la mwajiriwa. Daraja C ni la wanafunzi, watafiti, wamisionari, wastaafu na wanaojitolea. Kibali cha Daraja B hufungamana na mwajiri na kazi iliyotajwa ndani yake. Aliyepewa kibali cha kuwa mwalimu wa skuli fulani hawezi kwenda jioni kusimamia mgahawa wa rafiki yake kwa hoja kwamba kibali anacho. Akiacha kazi, kibali hakimfuati kwa mwajiri mpya. Hapana budi ombi lianze upya. Mwajiri wa zamani naye ana wajibu wa kuiarifu Idara kwamba mtu yule hayupo tena kazini kwake, jambo ambalo wengi hulisahau mara tu mfanyakazi anapofunga mizigo yake.

Kuhusu wanaojitolea, imezoeleka kudhaniwa kwamba mtu asiyelipwa hafanyi kazi. Kijana wa kigeni huja kwa viza ya matembezi, akafundisha watoto miezi miwili au akasaidia hospitali, na mwenyeji wake akashukuru kwa msaada. Mbele ya sheria kijana huyo anafanya shughuli isiyoruhusiwa na viza yake. Skuli na jumuiya zinazopokea vijana hao zinatakiwa ziwaombee kibali mapema, kabla hawajapanda ndege.

Sasa yaangaliwe makosa ya ujazaji, kwani hayo ndiyo yanayopoteza muda mwingi kuliko yote. La kwanza ni jina. Desturi ya Visiwani ni mtu kuitwa jina lake, la baba yake na la babu yake. Fomu huuliza jina la ukoo. Mmoja huandika jina la babu, mwengine huandika kabila la baba, na wa tatu huacha pengo. Kadhalika jina moja huandikwa kwa sura nyingi: paspoti inasema Mohammed, mkataba wa kazi unasema Mohamed, na cheti cha chuo kinasema Muhammad. Kwa mwenye jina ni yeye yule. Kwa mtumishi anayelipitia faili, ambaye hajapata kumuona, ni watu watatu. Kanuni ni nyepesi: paspoti ndiyo mama wa karatasi zote, na kila kitu kiandikwe kama ilivyoandikwa humo, herufi kwa herufi. Pale ambapo cheti cha zamani kimetofautiana na paspoti, kiambatanishwe kiapo cha kisheria kinachoeleza tofauti hiyo. Isingojewe barua ya kuulizwa.

La pili ni tarehe. Wamarekani hutanguliza mwezi, na hapa hutangulizwa siku. Aliyezaliwa tarehe 4 Julai akiandika 07/04, amejizalisha tarehe 7 Aprili. Mwezi na uandikwe kwa jina lake kila fomu inaporuhusu. La tatu ni vyeti vilivyoandikwa kwa Kiarabu, Kitaliana au lugha nyengine. Vyeti hivyo vinahitaji tafsiri rasmi ya Kiswahili au Kiingereza. Tafsiri ya jirani, hata akiwa msomi mkubwa, haitoshi.

Maombi siku hizi hupelekwa kwa mtandao wa Idara. Utaratibu huo umepunguza foleni, lakini umewapa nafasi vishoka. Kishoka humjazia mgeni fomu, huweka anuani yake mwenyewe ya barua pepe, kisha hupokea fedha mkononi. Idara ikiuliza swali, swali linakwenda kwa kishoka. Mgeni anakaa miezi akiamini kwamba ombi lake linashughulikiwa, ilhali lilisharejeshwa kwa kukosa ukurasa mmoja. Mwombaji aweke anuani yake mwenyewe. Alipe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali, na asimlipe mtu yeyote mfukoni.

Ama kuhusu ndoa, cheti cha ndoa kilichotolewa kwa kadhi ni ushahidi wa ndoa. Si ruhusa ya kukaa nchini. Mke wa kigeni aliyeolewa na raia huombewa hati ya mfuasi, na hati hiyo haimruhusu kuajiriwa. Akitaka kufanya kazi, ataomba kwa njia yake mwenyewe. Tena Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 humpa mke wa kigeni wa raia njia ya kuomba uraia kwa sababu ya ndoa, njia ambayo mume wa kigeni hanayo. Wako wanaoiona tofauti hiyo kuwa imepitwa na wakati, na hoja yao si ndogo. Lakini madhali sheria imesimama hivyo, mume wa kigeni asishauriwe kwamba kuoa Makunduchi kumeshammalizia safari.

Wazee wanaorejea ndio wanaohitaji kushughulikiwa kwa upole zaidi. Mtu aliyezaliwa Mkunazini au Wete, kisha akachukua uraia wa Oman au wa Uingereza akiwa mtu mzima, mbele ya sheria ni mgeni, kwa kuwa Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa watu wazima. Neno hilo ni zito kumwambia mzee aliyekaa barazani kwa babu yake. Hata hivyo jamaa wanaomficha ukweli huo kwa kumhurumia, wakamtafutia kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi kwa njia za pembeni, wanamtia katika kosa la udanganyifu uzeeni. Njia za halali zipo. Mstaafu ana nafasi katika Daraja C, na marekebisho ya Sheria ya Uhamiaji yaliyopitishwa na Bunge mwaka 2025 yamefungua mlango wa hadhi maalum kwa raia wa nje wenye asili ya Tanzania. Hadhi hiyo si uraia, wala haimpi mtu kura, lakini ni mlango wa heshima. Cheti cha zamani cha kuzaliwa, hata kikiwa kimechakaa kwa kukaa sandukuni, kitafutwe na kihifadhiwe, maana ndicho kitakachothibitisha asili yake.

Masheha nao wana sehemu yao. Sheha huweka kumbukumbu za watu wanaohamia katika shehia yake, na barua yake hutumika kuthibitisha makaazi. Barua inayosema mgeni amekaa mwaka mzima, ilhali muhuri wa paspoti unaonesha aliingia miezi minne nyuma, humdhuru mgeni na humdhuru sheha. Kabla ya kutia saini, sheha aombe kuiona paspoti na ausome muhuri.

Kuhusu kuongeza muda, ombi lipelekwe kabla kibali hakijamalizika, tena mapema, kwani faili likiwa na upungufu litahitaji muda wa kurekebishwa. Kibali kikiwa kimeshapitwa na wakati, asijifiche mtu wala asijaribu kuvuka bahari kimya kimya akidhani bandarini Malindi hakuna atakayeangalia. Aende mwenyewe Afisi ya Uhamiaji, pamoja na mwajiri au mwenyeji wake, akiwa na paspoti, kibali kilichokwisha na maelezo ya kweli ya sababu za kuchelewa. Sheria inayo hati maalum inayoweza kumpa mtu muda wa kukamilisha mambo yake au kujitayarisha kuondoka, na anayekwenda kwa miguu yake husikilizwa vyengine kuliko anayekamatwa.